Shemeji Aliyekataa Kuagwa

Kijiji cha Ujamaa Namkuya,
S.L.P. 92,
Mtwara.
14 Mei 1975

Mpendwa mdogo wangu Hassani,

Assalaam aleikum. Natumaini waraka huu utakukuta mzima huko Tanga, wewe na mkeo Mwanahawa na wanao, na kwamba kile kifua kimekuacha. Sisi huku wazima kwa uwezo wa Mungu. Magoti yananisumbua nikirukuu, lakini bado narukuu, alhamdulillahi.

Mpunga wa bondeni umekubali mwaka huu. Sukari ndiyo ya kuisikia tu. Ikifika duka la kijiji, foleni huanza kabla ya adhana ya alfajiri. Nyumba tulizohamia tumeanza kuzizoea, ingawa mikorosho yetu tuliiacha mbali na kuifuata ni safari.

Sasa nisikilize vizuri, maana kuna neno linakungoja wewe.

Dada yetu Zuhura, Mungu amrehemu, alituachia watoto wawili, Omari na Hadija. Arobaini ilipokwisha tulifanya kama desturi yetu ilivyo: mwanamume huja kukaa kwao mke, na mke akifa huagwa arudi kwao, watoto wanabaki kwetu. Tukampa mumewe Shabani unga wa safari na kuku wa njia. Akapokea kwa mikono miwili, akashukuru. Tukajua kesho atashika njia ya Kilambo kwa ndugu zake.

Kesho yake nikamkuta anamjengea yule kuku kibanda.

"Shemeji," nikamwambia, "kuku wa njia huliwa njiani."

"Huyu hajasema kama yuko tayari kusafiri," akanijibu, huku anakaza kamba.

Basi mpaka leo yupo, na kuku ana vifaranga.

Hassani, nimewaona wanaume katika umri wangu huu, lakini wa namna hii bado. Nywele za Hadija anazisuka mwenyewe. Mwanzo kichwa cha mtoto kilikuwa kama shamba la mihogo lililopitiwa na nguruwe. Sasa wanawake kisimani wanauliza nani kamsuka. Akienda shamba la kijiji humbeba mgongoni kwa kanga ya marehemu. Vijana wakamcheka, "Shabani, umekuwa yaya?" Akawaambia, "Yaya ana likizo. Mimi sina." Siku hizi hawamcheki. Omari naye hakosi chuo cha Kurani, maana baba yake humfikisha mpaka mlangoni kwa mwalimu.

Na angetaka kuwachukua moja kwa moja, njia anazo. Viwanja vilipogawiwa, watoto waliandikwa kwake. Sheikh naye anasema nasaba ni ya baba. Ndiyo maana mwezi uliopita kaka zake walikuja kutoka Kilambo, wakitaka wampeleke Omari kwenye jando la kwao. Unajua maana yake: anayemtia mtoto jandoni ndiye mwenye mtoto. Na kwetu hapana wa kumtia ila mjomba, na mjomba ni wewe peke yako.

Tulikaa barazani kwangu. Kaka yake mkubwa akapaza sauti, "Huyo mjomba wa Tanga anaijua hata sura ya mtoto?"

Kweli, Omari alizaliwa umeshaondoka. Aliyejibu ni Shabani.

"Sura haijui. Lakini haki yake mimi naijua. Zuhura aliniachia watoto, hakuniachia ruhusa ya kumvunjia kaka yake heshima. Omari hatoki hapa mpaka Hassani aseme."

Wakaondoka kwa hasira, uji hawakuumaliza. Akawasindikiza mpaka barabarani. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, maana damu ni damu.

Lakini wazee wetu nao hawajatulia. Wanasema jando likiisha watoto wahamie kwangu, na Shabani aagwe mara ya pili. Sikufichi, ningefurahi kuwa nao. Nyumba yangu iko kimya tangu binti yangu Somoe aolewe. Nimeswali nikamwomba Mungu anionyeshe, na kila nikiinuka kwenye mkeka namwona mtu huyu kibarazani kwake, kitana mdomoni, mtoto katikati ya magoti. Siwezi kuwa mimi wa kumpa kuku mwingine.

Neno langu wazee watalipita, lako watalisikia. Kwa hiyo, mdogo wangu, njoo kabla ya Julai, ndipo jando litakapoanza. Shabani hana likizo, wewe unayo, iombe. Umtie Omari jandoni kwa mkono wako, kisha useme mbele ya watu wote kwamba watoto watalala kwa baba yao, na baba yao atalala hapa kwetu. Amekulindia kiti chako mbele ya ndugu zake wa tumbo moja. Usimwache akilinda kiti kitupu.

Nisalimie Mwanahawa na watoto, na binamu yetu Rajabu ukimwona. Hadija hana salamu, yeye anataka pipi. Omari anauliza kama mjomba ni mrefu kuliko baba. Nimemwambia asubiri, watasimama pamoja, naye atapima kwa macho yake.

Mungu akufungulie njia, akufikishe salama.

Ni mimi dada yako, ambaye mapenzi yake kwako hayajapungua,
Mwanakombo