Pete ya Upande wa Mlango

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako. Natumaini goti limepunguza kuuma, na kwamba wanafunzi wako hawakupandishi presha kama sisi tulivyompandisha kocha. Huku tu wazima, ila mgongo wangu unalalamika. Kazi ya kuchomelea vyuma haimpendi mtu mrefu. Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu baada ya miaka sita ya kusalimiana kupitia kwa Mama.

Wiki iliyopita klabu iliniita nikachomelee pete ya kikapu iliyolegea, ile ya upande wa mlango. Unaijua. Sikuwa nimekanyaga ukumbi ule tangu fainali. Ukutani wametundika picha kubwa za manahodha, nami nilizipitia moja moja nikiwa juu ya ngazi. Yumo hata yule wa msimu mmoja, aliyekuwa akitanguliwa na tumbo lake uwanjani. Wewe humo.

Nilimuuliza katibu. Alinijibu bila haya kwamba ukuta ule ni wa waliobeba kombe. Nikamwambia ulitufikisha fainali nne, na ile ya mwisho ulifunga pointi thelathini na nane huku sisi wenzako tukikosa mitupo huru kumi na tatu. Mitupo ambayo mtu unasimama mstarini, hakuna anayekuzuia, na kikapu kinakutazama tu. Katibu akacheka. Akasema watu wanakumbuka sekunde za mwisho tu, jinsi ulivyoogopa kurusha ukanisukumia mpira mimi mdogo wako, mwenye mkono mbovu. Mafundi rangi waliokuwa karibu wakadakia, kwa lile jina lako la uwanjani, kwamba Jenereta lilizimika siku ya kazi.

Niliwachukia, Kaka. Nawachukia pia wachambuzi wa redioni wanaokutaja kila wanapotafuta mfano wa mchezaji mkubwa aliyekimbia mpira. Na nikuambie ukweli, hata wewe nimekukasirikia. Mama alipokuuliza mbele yangu kama ulijua naumwa, ulijibu tu kwamba mechi imekwisha, ukaendelea kula. Ungenipiga hata kofi ningeshukuru.

Unakumbuka msimu ule mzima ulivyokuwa ukiniamsha alfajiri, tukatoka uani na mpira? Ulinifundisha kuushika kwa mikono miwili, kuushusha hadi magotini na kuurusha kwa chini. Mimi niliyekuwa naingiza mitatu kati ya kumi nikafika minane. Kwenye nusu fainali niliingiza yote minne, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walisema Nguzo anamwaga maji ya kufulia. Shemeji yako, wakati huo bado mchumba, alikuwa jukwaani, naye akacheka. Alicheka kidogo tu, lakini nilimwona.

Basi fainali ikaja. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, zimebaki sekunde tatu. Watu watatu walikuzunguka, ukanipa mpira chini ya kikapu nikiwa peke yangu, nikachezewa faulo. Ilikuwa pasi sahihi, na mchezaji yeyote mwenye akili angeitoa. Ukanijia, ukaninong'oneza nirushe kwa chini. Nilikusikia vizuri sana. Nikatazama jukwaani, nikarusha kwa juu kama wanaume wengine. Wa kwanza uligonga pete. Wa pili haukugusa kitu.

Mkono wangu haukuwa na tatizo lolote. Bandeji niliifunga mwenyewe, chooni, kabla waandishi hawajaingia. Niliwaambia kiwiko kiliteguka mapema na kwamba wewe ulijua. Ulikuwa umekaa benchi la pembeni ukifungua kamba za viatu. Ulinitazama, kisha ukaendelea na kamba zako.

Yote haya nimemweleza katibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema picha zimeshatundikwa, na watu wameshaizoea hadithi yao. Kisha akaniuliza kama pete iko tayari.

Ilikuwa tayari. Walipokwenda kula nilichukua mpira, nikasimama kwenye mstari uleule, nikarusha kwa chini mara kumi. Yote iliingia. Hakukuwa na mtu wa kucheka, na nililia pale kama mjinga.

Nimemsomea Mama barua hii kabla ya kuifunga. Ameiacha chai yake mpaka ikapoa. Kisha ameniagiza nikuandikie kwamba anakuomba radhi kwa kukuuliza swali lile. Mimi ameniachia kikombe mkononi, ameingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Msalimie shemeji, na uwabusu watoto. Usipojibu nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Nguzo