Gunzi Kwenye Paipu ya Pumzi

Jumanne, 8 Julai 2025. Mikumi

Miaka arobaini na sita tangu nitoke Kilosa. Nahesabu kuanzia 1979, kambi yetu ya mkonge ilipofungwa, ukiacha siku tatu za msiba wa mama mwaka 1998. Sasa nina sabini na nne.

Nimefika kwa mdogo wangu Bonifas saa kumi jioni, nikitokea Mbeya. Gari lina miaka thelathini na moja. Limeshuka mlima Kitonga vizuri. Kila nilipokanyaga mafuta baada ya mteremko nilitazama kioo cha nyuma, maana injini iliyochoka ndipo hutoa moshi. Sikuona kitu!

Nyuma nimepakia jiwe la saruji lenye jina la mama. Nimelimimina mwenyewe na herufi nimechonga mwenyewe. Kesho nitalisimamisha kaburini. Baba aliletwa kama manamba, kibarua wa mkonge. Kilosa hatukuwa na shamba wala ukoo. Kaburi lile tu ndilo linaloniruhusu kusema kwetu ni Kilosa.

Bonifas alilishika jiwe kwa muda mrefu. Akaniuliza mbona sikumwambia kwenye simu. Mkewe, Tumwagile, alikuwa uani anapukuchua mahindi. Akasema mzee mzima kabeba saruji kutoka Mbeya, kwani Kilosa haiuzwi?

Jumatano, 9 Julai

Moshi! Hata kijiji cha Ulaya hatukufika. Mimi na Bonifas tumeacha lami, kilomita chache tu, kioo cha nyuma kikawa cha bluu. Nilidhani nyasi zinaungua. Ni sisi!

Nilisimama, nikainusa ekzosi. Mweupe ungekuwa maji, mweusi ungekuwa petroli nyingi. Huu ni wa bluu – oili inaungua. Lakini jana injini ilikuwa safi! Injini haizeeki kwa usiku mmoja. Kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimejichomoa chenyewe, oili imetapakaa mpaka kwenye betri.

Mchungaji mmoja alipita na ng'ombe wake, akauliza, mzee, unafukuza mbung'o? Akacheka peke yake.

Bonifas hakushuka hata kutazama. Alisema injini imekufa, turudi. Nikasema basi nitapanda gari la abiria. Akajibu: "Na hilo jiwe, kaka, utalibeba kichwani?"

Tumerudi polepole, madirisha wazi, tunakohoa.

Alhamisi, 10 Julai

Fundi anaitwa Yusrah. Gereji yake ipo karibu na maegesho ya malori. Aliirithi kwa baba yake. Shikamoo babu, akasema, na kabla sijamaliza marahaba kichwa chake kilishazama kwenye injini.

Madereva wa malori walishatoa hukumu: ringi za pistoni zimekwisha, injini ishushwe. Bonifas akadakia, ndiyo, ishushwe, hiyo kazi ya wiki mbili. Bora kaka arudi Mbeya kwa basi. Yusrah akamwambia, babu mdogo, mgonjwa hajapimwa wewe unachimba kaburi?

Walicheka wote. Bonifas hakucheka.

Akawasha injini, akafungua mfuniko wa oili. Upepo ulitoka humo kama pumzi ya ng'ombe, mfuniko ukamruka mkononi. Akazima, akapima mgandamizo wa silinda zote nne. Zilikaribiana, tena si mbaya kwa umri wake. Akanieleza kwa utaratibu kabisa. Kuna hewa kidogo hupenya ringi na kushuka chini kwenye oili, hata injini ikiwa nzima. Hewa hiyo hutoka kwa paipu ya pumzi. Paipu ikiziba, inatafuta pengine pa kutokea: inasukuma kijiti, inasukuma sili, inapandisha oili mpaka inakoungua.

Akaichomoa paipu, akapuliza. Haikupita hewa. Akaingiza waya, akavuta.

Gunzi!

Gunzi la hindi, limesokomezwa kwa nguvu ndani kabisa. Bado jeupe, oili imelowesha ncha moja tu. Yusrah alilinyanyua juu. "Babu, hili halina hata siku tatu."

Nilicheka pamoja na madereva. Kisha nikageuka nimwambie Bonifas atazame maajabu haya. Alikuwa anatazama viatu vyake.



Ijumaa, 11 Julai

Amesema. Sikumuuliza, asubuhi alikuja mwenyewe na kigoda, akakaa miguuni pangu kama tulipokuwa wadogo.

Gunzi aliliweka yeye, Jumanne, nilipokuwa naoga. Aliwahi kuendesha matrekta ya mkonge, anajua ukiziba pumzi injini itafanya nini. Alitaka moshi tu, tugeuze.

Kaburi la mama halipo.

Nilimwambia arudie. Halipo, kaka. Mwaka ule wa mafuriko, 2010, mto Mkondoa ulivunja kingo, ukachukua pembe nzima ya makaburi ya kambi. Mama alikuwa pembeni. Haikubaki hata misalaba. Sasa mto unapita hapo hapo.

Miaka kumi na mitano! Kila Novemba, Siku ya Marehemu, alinipigia: nimepalilia, kaka, nimepanda maua. Na picha je? Ile aliyonitumia, kaburi lenye maua meupe? Akasema ni la mama wa watu. Magreti fulani, hana jamaa, ndiyo maana alilipalilia.

Basi nimeiombea picha ya Magreti. Miaka yote hii. Nimemwonyesha mpaka padri.

Nilimuuliza kwa nini. Alisema mwaka wa kwanza alishindwa kutamka, mwaka wa pili akaona aibu ya mwaka wa kwanza. Tumwagile alikuwa mlangoni na ungo mkononi. Naye hakuwa akijua! Alimwambia mumewe tu, "Baba Filipo, wewe," akarudi uani.

Sijala.

Jumamosi, 12 Julai

Yusrah amelileta gari saa moja asubuhi. Paipu mpya, oili mpya. Amelipeleka mpaka geti la hifadhi na kurudi: moshi hakuna. Babu, safiri, Kilosa ni hapo tu.

Bonifas yuko ndani ya gari tangu saa hiyo. Amevaa koti la harusi ya Filipo, mwanawe. Anataka nimpeleke akanionyeshe mto unapopita; jiwe tulishushe ukingoni. Tumwagile amempelekea chai, ameipokea kupitia dirishani. Mimi nimekaa huku ndani na kalamu.

Sina hasira naye. Nilidhani ninayo, nimeitafuta, sijaipata. Ila sijui nitatazama nini pale. Maji?

Amepiga honi. Mara moja, kwa adabu.

Bila kaburi si kwetu tena. Kilosa sitarudi.