Kamera ya Tumboni

Wifi, uji wa mtoto uko kwenye chupa. Mwambie kaka yako ~~asijisumbue~~ aje hospitali saa kumi anichukue.

Asubuhi nilikudanganya kwamba sina hamu ya chai, kumbe hospitali walinikataza kula na kunywa. Leo wananipa usingizi, wanatoboa tundu dogo penye kitovu na kupitisha kamera, waone haya maumivu ya tumbo la chini yanatoka wapi. Maana utrasaundi haikuonyesha kitu, nawe ukaniita fundi wa kudeka. Mimi ninayekimbia sindano nimesaini mwenyewe.

Daktari kasema hata kamera inaweza isione kitu, na maumivu yakawa ya kweli vilevile. Nami, mjinga mimi, nikamwomba akute ugonjwa wowote, mradi uniamini.

Asipokuta, wifi, niamini hivyo hivyo.

Wifi yako