Nukta ya Shangazi

Ofisi ya Takwimu,
Hospitali, Ghorofa ya Pili.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Binamu,

Habari za huko ugenini? Natumai u mzima na kile kikohozi kimeshakuacha. Sisi hatujambo. Mama yako naye ni mzima kabisa, na habari zake ndizo zilizonishikisha kalamu. Kaa kitako, nina la kuungama.

Unajua kwa kompyuta mimi sishikiki. Mkurugenzi alinipa kazi ya kuchora nani anawasiliana na nani hapa hospitalini. Kila mfanyakazi nikamfanya nukta, na waliotumiana ujumbe nikawaunganisha kwa mstari. Si picha ya kutundika ukutani: ukiigusa nukta unaivuta kwa kidole, na jirani zake wote wanaifuata. Nilijiona fundi kwelikweli.

Shangazi, mama yako, na stoo yake ya mafaili ya wagonjwa, akatokea pembeni bila hata mstari mmoja. Mkurugenzi akasema stoo ifungwe na mtunza mafaili apunguzwe kazini.

Kosa lilikuwa langu. Nilihesabu ujumbe wa simu, na Shangazi simu yake huiacha nyumbani kwenye droo, eti isichakae! Wenye shida humfuata kwenye dirisha la stoo. Basi nikashika daftari, wodi hadi wodi, nikiuliza swali moja: "Ukikwama, unamwendea nani?" Wauguzi, maabara, mpaka dereva wa gari la wagonjwa: "Si yule mama wa mafaili!"

Jumatano nikarudi kwa mkurugenzi kifua mbele. Mistari sasa ilimjaa Shangazi. Nikamwambia, "Mzee, mfute mwenyewe uone." Akamfuta. Picha ikasambaratika vipande vipande, na nukta ya mkurugenzi mwenyewe ikabaki inaelea pembeni. Alikohoa, akamrudisha upesi. Stoo haifungwi, na mama yako habanduki.

Msalimie sana shemeji, na wale pacha watundu uwavute masikio kwa niaba yangu. Mama yako anakusalimu. Nilipomwomba radhi alicheka mpaka akashika mbavu: "Miezi miwili unachora! Kwani dirisha langu lilikuwa limefungwa, usije kuniuliza?"

Nikaitafuta nukta yangu, binamu. Haikuwa na mstari kwenda kwake. Niko ghorofa moja tu juu yake, na mwaka mzima sikuwahi kushuka kumsalimu. Imeniuma. Siku hizi kila asubuhi naanzia dirishani kwake.

Mungu akutunze huko uliko.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye daima,
Fundi wa Nukta