Gari Jeupe la Mama Kulwa

Jumanne, Geita

Kutu haikuwepo, nami nilijua. Jirani yangu Mama Kulwa anauza gari lake jeupe ili anunue mashine ya kukoboa mpunga. Mnunuzi wa Kahama alikuwa ameona picha zake, akasema milango imeliwa na kutu.

Mama Kulwa alilipiga picha saa sita mchana, limesimama kwenye udongo mwekundu. Wekundu wa ardhi uliakisi kwenye rangi nyeupe, ukaonekana kama kutu.

Saa kumi na moja nililipeleka kwenye zege la kanisa, kivulini. Nikaongeza mwanga kwenye kamera, maana weupe hutoka kijivu pichani, nikalipiga upya na Mama Kulwa akamtumia mnunuzi.

Mnunuzi akampigia simu papo hapo.

"Mama, lile bovu muuzie mwingine. Nataka hili."

"Ni lilelile, baba. Njoo uoshe macho."

Anakuja kesho na fundi wake. Aje.