Aliyeitika Jina la Kasereka

Jumamosi, Sake. Manyunyu tangu asubuhi, na ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati. Saa kumi jioni, na nguo zangu bado mbichi.

Leo nimefanya mtihani wa kuingia shule ya biashara. Ningependa kuandika kwamba ulikuwa mgumu, au kwamba ulikuwa rahisi, nikafunga simu nikapumzika. Lakini kuna jambo lilitokea kabla hata hatujashika kalamu.

Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza: mimi ni Kibira, mtoto wa wakulima wa milima ya Masisi. Nilivaa nguo za jeshi miaka tisa. Mwaka jana goti likanishinda, nikazirudisha. Sasa nina miaka thelathini na minne na nataka kukaa benchi moja na vijana wanaoniita Papa, kama baba yao. Wacheke tu. Naitaka shule hii kuliko nilivyowahi kutaka cheo chochote.

Aliyenitia hamu hiyo ni Kasereka.

Kasereka Anselme, mwenzangu wa kikosi. Wazazi wake ni wafanyabiashara waliotoka Butembo wakafungua duka Masisi, Wakatoliki wa kusali rozari hata kwenye matope. Tulipotembea msituni alikuwa ananiuliza maswali kama mwalimu: kwa nini mkungu wa ndizi unaozea chini ya mgomba kule Itebero, na hapa Sake akina mama wanaugombania? Nikijibu kwamba barabara ni mbaya, anacheka na kusema hiyo ndiyo biashara. "Njo biashara ile, kaka! Muntu mwenye atavusha ile ndizi, njo mwenye atakula." Tukaahidiana kwamba siku tukivua zile nguo tutakwenda shule pamoja.

Alipotea kwenye njia ya Itebero kwenda Ntoto, huko Walikale.

Hakuna risasi iliyolia. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, tuko kumi na wawili kwenye mstari mmoja, yeye wa mwisho, mimi mbele yake. Nilikuwa nasikia buti zake nyuma yangu zikinyonya matope. Tulipofika mtoni niligeuka nimpe mkono avuke. Hapakuwa na mtu. Na zile buti, naapa, nilizisikia mpaka ukingoni kabisa.

Tulirudi nyuma, tukaita mpaka sauti zikakauka. Hatukuona hata kofia.

Alasiri tukafika Ntoto, na ajida, mkubwa wetu aliyebaki kambini, akatupanga kuita majina. Sheria tulikuwa tunaijua: asiyeonekana, na maiti yake haikupatikana, anaandikwa mtoro, na aibu hiyo inafika mpaka kwao. Hakuna aliyekuwa amepata ujasiri wa kusema. Ajida alikuwa anasoma orodha huku akiikinga na mvua, bila kutuangalia. Alipofika kwa Kasereka sote tuliinamisha vichwa.

"Prezan!"

Yaani nipo, kwa Kifaransa cha kambini. Sauti ilitoka kwenye mstari wetu. Ilikuwa na mkwaruzo kidogo, kama ya Kasereka akiwa na mafua. Ajida akaweka alama, akaendelea. Baadaye tuliulizana ni nani aliyeitika, na kila mmoja aliapa si yeye. Niliwaamini. Hata mimi, si mimi niliyeitika.

Kuanzia kesho yake tukaanza kuitika kwa zamu. Hilo naungama. Tulikuwa tunalinda jina lake, ndivyo tulivyoambiana. Nimeitika kwa ajili ya Kasereka asubuhi nyingi kiasi kwamba koo langu lilijifunza ule mkwaruzo. Siku niliyoondoka jeshini, mmoja wa wenzangu alinisindikiza mpaka barabarani akaninong'oneza kwamba Kasereka bado anaitika. Sikumuuliza ilikuwa zamu ya nani.

Basi, leo.

Mtihani ulifanyika kwenye ukumbi wa parokia. Sekretere wa shule, Mama Furaha, mwanamke mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisimama mbele na orodha akaanza kutuita. Akafika kwenye herufi K.

"Kasereka Anselme."

Akina Kasereka ni wengi huku. Kwa Wanande wa Butembo ni jina la mvulana wa tatu, kila nyumba ina wake. Hata Anselme wanaweza kuwa wawili. Hayo nimeyafikiria baadaye. Pale pale mgongo wangu ulinyooka wenyewe, visigino vikagusana.

"Prezan!"

Sijui kama mdomo wangu ulifunguka. Kijana aliyekaa mbele yangu aligeuka, na hakuniangalia mimi. Aliangalia nyuma ya bega langu. Mama Furaha aliweka alama bila kuinua macho, akaita Kibira, nikaitika. Hiyo ya pili nina hakika ni yangu.

Karatasi ziligawanywa kwa kufuata orodha. Ya Kasereka iliwekwa kwenye meza ya kuume kwangu. Saa mbili nzima ilikaa pale, nyeupe. Tuliulizwa tueleze siku tuliyoongoza watu, na mimi nikaandika, nikafuta, nikaandika. Kila nilipotua kalamu nilisikia mtu akivuta pumzi kwa pua iliyoziba. Sikugeuka. Nimelala chini ya mabomu, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoiogopa ile meza.

Mtihani ulipoisha nilimfuata Mama Furaha kuuliza ni nani aliyeleta dosie ya maombi ya Kasereka. Nikiri: sehemu yangu moja ilikuwa inatumaini. Labda alitoka msituni kwa njia nyingine. Labda anavuta sigara hapo nje, ananicheka.

Mama Furaha aliifungua. Picha ni yake, yale masikio ni yake. Mwandiko si wake.

"Mama yake njo aliileta, ule wa duka ya Masisi," alisema. "Njo alisema mutoto iko njiani, anatoka Walikale, atafika siku ya egzame."

Nilishika ukingo wa meza.

Nilikuwa najua kwamba yule mama anapiga simu kambini. Nilikuwa najua anavyojibiwa: mwanao yupo, leo asubuhi ameitika, ni mtandao tu haupatikani msituni. Kasereka alikuwa amemwambia ahadi yetu ya shule, naye akaamini mwanawe atakuja kuitimiza. Tulidhani tunamlinda mtoto wake na aibu, kumbe tumemnyima mama kilio chake. Hakuna anayeweka matanga ya mtu aliyepo. Mara mbili nimepita mbele ya duka lake Masisi, na mara zote mbili niligeuza uso upande wa pili. Mimi niliyejiona shujaa.

Kisha Mama Furaha akatabasamu, tabasamu la mtu aliyefanya wema. "Alikuwa ameniomba nimupigie simu mutoto akifika. Nimemupigia mukiwa munaandika. Masikini, alilia! Kesho anakuja na kamyo ya Masisi kumuona."

Kwa muda wa pumzi mbili nilitaka kunyamaza. Naandika hili ili lisije likanitoka. Kwenye mlango wa ukumbi wamebandika kanuni: anayemwitikia mwingine anafutwa, yeye na mtihani wake. Ningetoka tu, nikasubiri matokeo yangu.

Nilimwambia. Yote, kuanzia mtoni. Iwe sauti ya leo ni yangu, iwe si yangu, nilimwambia ni yangu, kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kuibeba.

Mama Furaha alivua miwani akaiweka juu ya orodha.

"Papa Kibira, nikitosha hii jina, nitatosha na yako."

"Tosha, mama."

Hakufuta jina lolote. Aliisukuma orodha chini ya daftari. "Ongea na ule mama kwanza. Mambo ya masomo tutaona lundi." Alikuwa ananipa mpaka Jumatatu.

Nimeijaribu namba ya yule mama, aliyonipa Mama Furaha, mara nne tangu nirudi nyumbani. Haipatikani. Na hata ikipatikana, sijui kama ni habari ya kusemwa kwa simu. Shule bado naitaka, sitadanganya, lakini leo haijanijia akilini tena ila sasa hivi ninapoandika.

Mama Furaha alinieleza pia maneno ya mwisho ya simu ile. Yule mama anamletea mwanawe shati jeupe, lililopigwa pasi. Aliuliza kama amekonda, na Mama Furaha akamjibu kwamba hakumwangalia vizuri.

Lori la kwanza kutoka Masisi hufika saa tatu asubuhi. Nitakuwa barabarani tangu saa moja. Sijui nitaanza na neno gani.