Msuko Kwenye Kifungo

Mdogo wangu wa moyoni,

Hujambo, na hilo tumbo linaendeleaje? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila mgongo unanisumbua kidogo. Tiketi ya ndege ya Alhamisi uliyonitumia nimeipata, na sanduku nilishafunga ili niwe nawe ukijifungua.

Sasa sikiliza. Tangu maandamano yaanze, sisi wafuaji tunaletewa sare za askari tu. Jana nilikuwa nakagua vifungo kabla ya kuloweka, nikakuta msuko wa nywele umejisokota kwenye kifungo cha mkono, una shanga ya bluu, na ngozi imeng'oka nao. Nikatapika kwenye beseni. Bosi akacheka: "Dada, una mimba uzeeni? Tupa hiyo, ufue!" Akaendelea kula. Hata damu haikunitia kinyaa kama kutafuna kwake.

Kuna mama husimama kila asubuhi nje ya kituo cha polisi, anamuuliza kila mpita njia habari za binti yake aliyesukwa kwa shanga za bluu. Wiki nzima nimempita nikijifanya nina haraka. Najichukia.

Msuko nimeuficha. Kesho nampelekea, na nitamtajia namba ya askari iliyoandikwa kwenye kola. Wakijua ni mimi, uwanja wa ndege sitapita. Nimesali sana, mdogo wangu, lakini kuondoka nimenyamaza siwezi. Shemeji ndiye atakayekushika mkono siku hiyo. Nisamehe.

Tafadhali nijibu upesi, hata kama umekasirika.

Dada yako